Kilo Thelathini na Mbili

Isabirye alinipigia saa mbili asubuhi,
sauti ya chini, ya mtu anayeuza siri:
harusi imevunjika, hoteli imekataa mzigo,
kidari cha fahali wa Kiruhura, daraja la kwanza,
nusu bei, lakini boksi zima, mzee, si kipande.

Nikalileta Walukuba kwa bodaboda,
kilo thelathini na mbili mapajani
kama mtoto wa mtu mwingine.

Taaka hakusema kitu.
Alifungua kabati, akatoa sahani,
akaziweka mezani moja moja:
yangu.
Yake.
Akafunga kabati.

Ni kweli. Bado nanunua kwa hesabu ya zamani,
ya Ofwono aliyekula hadi usingizini,
ya Nabwire na mapacha wake, ya shemeji asiyejua kuaga.
Wote wako Gulu, Juba, Doha,
ila mkono wangu haujapewa taarifa.

Nikanoa kisu kwenye kizingiti.
Miaka ishirini na sita nilisimama mbele ya mitambo ya nguo
mpaka kiwanda kikafungwa, kikatuachia kikohozi,
kwa hiyo nyama naisoma kwa kidole:
huu mtande, huu mshindio.
Kidari ni vitambaa viwili, kimoja juu ya kingine,
vimeshonwa pamoja kwa uzi wa mafuta,
na nyuzi za hiki haziendi zinakokwenda za kile.
Ukizifuata, utatafuna kamba hadi Krismasi.
Kata kinyume. Geuza. Tazama tena. Kata.

Hiki ndicho kilichombeba fahali
kila alipopiga magoti, kila alipoinuka.
Nyama iliyofanya kazi haitaki kuharakishwa.
Hata mimi.

Vipande vinne nilivipaka chumvi na pilipili,
nikavitundika moshini, juu ya jiko la mkaa.
Taaka akababua majani ya mgomba,
akafunga luwombo sita kwa rojo la karanga,
akayeyusha mafuta ndani ya kopo la maziwa,
akaandika juu yake kwa kalamu: SI MAZIWA.
(Ananijua.)
Zilizobaki zikaingia kwenye friza,
chini ya sangara wa jirani.

Jumamosi usiku umeme ukakatika.
Hapa Jinja! Ambapo bwawa tunalisikia likikoroma
kama mlevi aliyelala na funguo za nyumba mfukoni.

Jumapili adhuhuri friza ikaanza kulia machozi.
Nilitaka kumpigia Isabirye, kumtukana, sijui kwa lipi.
Taaka alijifunga leso kiunoni, akatoka uani,
akagonga sufuria kwa mwiko.
Mara tatu tu.

Wakaja. Mama Auma na muhogo wake,
vijana watatu wa bodaboda, kofia za chuma vichwani,
mwalimu Kirunda aliyekatazwa mafuta na daktari
akaketi upande ambao daktari haoni.
Mwenye sangara akaleta sangara.
Tulichemsha tangu saa nane hadi giza,
moto mdogo, kifuniko kimekandamizwa kwa jiwe,
mpaka nyama ikaachia yenyewe,
kama mgomvi aliyesahau chanzo cha ugomvi.

Kitoto cha nyumba ya saba
kilitazama masufuria, kikatutazama sisi,
kikauliza:
Nani amekufa?

Hakuna, akasema Taaka, akikijazia bakuli.
Umeme tu.

Sahani za kuazima zilifika kumi na tisa.
Nilizihesabu nikiziosha, nikarudia kuzihesabu,
maji ya moto hadi kwenye viwiko,
na sikuona haraka ya kumaliza.

Jumatatu umeme ulirudi bila kuomba radhi.
Friza ikaanza kunguruma, tupu,
ikigandisha hewa yetu kwa bidii.

Saa mbili simu ikalia.
Makongoro, mzee. Gunia zima. Leo tu.

Nikamtazama Taaka.
Alikuwa akifuta sahani, ile yangu, kisha ile yake,
hakuinua kichwa.

Muulize bei, akasema.